Kabla ya kununua mashini mpya, pimeni ile ya zamani



Juma hili ninajibu swali la mama mmoja, katibu wa AVEC upande wa Beni. Anasema hivi: "Mwalimu, ordinatere ya kikundi imechoka. Nikiiwasha asubuhi, naweza kusonga bugali mpaka uive ndipo orodha ya akiba ifunguke. Fundi ametuambia imekwisha, tununue ingine. Jumamosi tutapiga kura ili feza zitoke kwenye kasha ya mshikamano. Wewe unatushauri nini?"

Mama Katibu, ninakushauri kura ingoje kidogo. Kasha ya mshikamano ni ya mama atakayejifungua kwa kupasuliwa, ni ya mtoto mgonjwa, ni ya msiba. Kabla feza hizo hazijatoka, mashini ipimwe. Kupima hakuna bei, na kunachukua dakika kumi. Mara nyingi mashini inayoitwa mzee haijafa. Imekosa nafasi tu, na nafasi hiyo inaongezwa kwa kipande kidogo chenye urefu wa kidole.

Lakini kuna swali la pili, ambalo haukuliuliza na vikundi vingi havijiulizi. Kile mtakachokitoa ndani ya mashini, kitaenda wapi? Naomba tuyajibu maswali yote mawili, kwa sababu la pili linagusa watoto wetu, na linagusa majina ya watu waliowaamini.

Meza na depo

Mama anayeuza pale Kilokwa, au kwenye soko kuu la Butembo, ataelewa hili upesi. Una meza yako na una depo yako. Mezani unapanga kile unachouza leo: chumvi, sabuni, mafuta, mchele. Mali nyingine iko depo. Meza ikiwa pana, mteja akiomba kitu mkono wako unakifikia mara moja. Meza ikiwa ndogo, kila mteja anakukimbiza depo: unarudisha sabuni ili upate mahali pa kuweka mchele, halafu unarudisha mchele ili uweke chumvi. Kufika saa kumi umechoka, na haujauza sana.

Ndani ya ordinatere, meza hiyo inaitwa memwari, na wengine wanaiita ramu. Depo ni diski. Mashini nyingi za kubeba zilizoingia kwetu miaka ya nyuma zina memwari ya giga 4. Zilipotengenezwa ilitosha. Leo Windows peke yake inachukua sehemu kubwa ya meza hiyo, na kurasa tatu nne za intaneti zinamaliza iliyobaki. Hapo mashini inaanza safari za depo.

Na depo yenyewe zina aina mbili. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, na sindano inayotafuta habari juu ya sahani hiyo. Ni depo iliyo mbali, tena njia yake ina matope. Diski ya kisasa, inayoitwa SSD, haina kitu kinachozunguka. Ni depo iliyo nyuma ya meza. Ndiyo maana mashini ya zamani ikipewa SSD inaweza kuwaka kwa sekunde chache, wakati zamani ilikuwa inachukua dakika kadhaa. Tena SSD haiogopi mtikisiko wa pikipiki kama diski ya kuzunguka, nasi tunajua barabara zetu.

Pimeni hivi

Washeni mashini. Fungueni vitu vile mnavyofungua siku ya kazi: orodha ya akiba, barua, intaneti kama ipo. Kisha bonyezeni vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Kama mashini yenu ni ya Kifaransa, litafunguka dirisha linaloitwa "Gestionnaire des tâches". Ingieni mahali palipoandikwa "Performance". Mkiona orodha fupi tu, bonyezeni kwanza "Plus de détails" chini yake.

Angalieni "Mémoire". Kama inaonyesha asilimia 85 au zaidi wakati kazi ni ya kawaida, meza imejaa. Chini yake pameandikwa "Emplacements utilisés". Ikisema 1 kati ya 2, furahini: kuna nafasi tupu, mtaongeza bareti moja bila kutoa ile ya kwanza.

Halafu angalieni "Disque". Kama memwari iko katikati, lakini diski inabaki karibu na asilimia 100 hata mkiwa hamfanyi kitu, basi shida ni depo. Kama vyote viwili vinajaa na feza ni ya kitu kimoja tu, mimi ningeanza na SSD kwa mashini yenye giga 4, na bareti ya memwari ingefuata baadaye. Lakini kwa mashini yenye giga 2, ningeanza na memwari.

Jambo lingine la kutazama ni hili: kwenye ukurasa wa habari za mashini, mtaona kama Windows yenu ni ya "32 bits" au ya "64 bits". Ile ya 32 haiwezi kutumia zaidi ya giga 4. Ukiiongezea bareti, ni kama kumwekea mama meza ya pili katika chumba kilichofungwa. Hapo lazima kwanza programu ibadilishwe.

Mwisho wa kupima, ondoeni vumbi. Katika kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, linaziba feni ya ndani, mashini inapata joto na inajipunguza mwendo ili isiungue. Mashini ikiwa imezimwa, brashi laini iliyo kavu inatosha. Kuna vikundi vinavyonunua mashini ingine kumbe feni ilikuwa imeziba.

Kununua bila kudanganywa

Mali ya ordinatere inayouzwa Butembo na Beni imetembea. Nyingi imetoka Dubai au China, ikapita Kampala, ikavuka Kasindi. Kurudisha kitu kibaya kwa muuzaji wa kwanza haiwezekani. Kwa hiyo ulinzi wenu ni pale dukani, kabla ya kulipa.

Bareti za memwari hazifanani. Mashini za kubeba za kabla ya 2015 hivi kwa kawaida zinatumia aina ya DDR3, zilizokuja baadaye nyingi zinatumia DDR4. Bareti ya DDR3 ina meno 204 ya rangi ya dhahabu, ya DDR4 ina meno 260, na ile pengo ndogo katikati ya meno haiko mahali pamoja. Ikikataa kuingia, usiisukume. Siyo yake. Tena bareti ya ordinatere ya mezani ni ndefu zaidi na haiingii katika mashini ya kubeba.

Njia salama ni kutoa bareti ya zamani na kwenda nayo dukani, imefungwa kwenye karatasi kavu. Mwonyesheni muuzaji maandishi yaliyo juu yake. Kama imeandikwa PC3L, mpya nayo iwe na ile L, maana inatumia umeme mdogo zaidi. Mwulizeni fundi pia mashini yenu inakubali giga ngapi mwisho, kwa sababu baadhi ya mashini za zamani hazivuki 8. Na nyingine zile nyembamba sana, memwari yake imechomelewa kwenye ubao wa ndani, haiongezwi kabisa. Hilo mlijue kabla ya kutoa feza.

Bei, ulizeni maduka matatu. Tangu mwishoni mwa 2025 memwari imepanda bei duniani, kwa sababu makampuni makubwa yanayojenga vituo vya akili bandia yananunua nyingi mno. Kwa hiyo bareti nzima ya zamani msiitupe wala msimwachie mtu bure. Ni mali.

Kuhusu SSD, kuna za uongo: juu imeandikwa giga nyingi, ndani kuna chache. Dawa yake ni moja. Iwekwe mbele yenu, mashini iwashwe mbele yenu, na mnakili ndani yake mafaili mengi makubwa, kisha mfungue yale ya mwisho. Yakifunguka vizuri, lipeni na muombe fakture yenye tarehe, aina ya kitu na jina la duka. Mama asiyeogopa kuonja chumvi kabla ya kununua asiogope kuonja diski.

Kuweka bareti kwa mikono yenu

Kazi hii si ya wanaume peke yao. Mama anayeshona nguo kwa mashini, na anayeweza kufungua mashini hiyo aitie mafuta, anaweza kuweka bareti. Fuateni mpango huu.

Kwanza, nakilini kazi zote kwenye fleshi. Zimeni mashini kabisa, chomoeni chaja, toeni batri. Kisha shikeni kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Kama batri iko ndani, mtaitenga kwa kuchomoa waya wake mara tu mnapofungua kifuniko.

Pili, tandikeni kitambaa cha pamba mezani. Siyo blanketi la nailoni, maana lina umeme wake unaoweza kuua bareti bila ninyi kuona cheche. Gusa chuma kilicho wazi kabla ya kugusa ndani.

Tatu, fungueni visi kwa turnevisi ndogo ya msalaba. Zipangeni kwenye sahani jinsi zilivyokuwa chini ya mashini, kwa sababu nyingine ni ndefu na nyingine ni fupi. Mtoto mdogo asiwe karibu na sahani ile.

Nne, bareti inashikwa pembeni, siyo kwenye meno. Inaingizwa ikiwa imeinama kidogo, kama mtu anayeingiza barua kwenye sanduku, kisha inalazwa polepole mpaka vishikio viwili vya pembeni vilie "tak". Bila sauti ile haijakaa.

Tano, rudisheni kila kitu na muwashe. Rudini pale kwenye "Mémoire" muone kama namba imepanda. Kama kioo kinabaki cheusi, msiogope: mara nyingi bareti haijakaa sawa. Zimeni, toeni batri, irudisheni upya.

Diski nayo inawekwa kwa visi chache tu, lakini kuhamisha Windows au kuiweka upya kunataka mtu aliyezoea. Hapo mlipeni fundi, mama mmoja akae kando yake mpaka amalize. Na mkifungua mkakuta batri imevimba kama andazi, simameni hapo hapo. Nitarudi kwenye batri.

Neno moja kuhusu Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini haizimiki kwa sababu hiyo, lakini matundu mapya yanayopatikana ndani yake hayazibwi tena bila mpango wa pekee. Mashini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, hata zikiongezwa memwari. Kwa hizo kuna programu ya bure, Linux Mint, pamoja na LibreOffice inayofungua orodha zenu za Excel. Mashini ya giga 8 yenye SSD inaibeba vizuri. Kwa daftari la akiba na barua za kikundi, haihitajiki kitu zaidi.

Diski iliyotoka ina majina

Sasa tufike kwenye swali la pili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari letu liko ndani ya diski: nani ameweka akiba, nani ana deni, namba yake ya simu, mtaa wake. Lakini vikundi vyetu haviandiki feza tu. Wengi wenu mmeandika orodha ya familia zilizokimbia vita, orodha ya wajane na mayatima, na hata majina ya wasichana waliotendewa jeuri, ili wapate msaada. Mwanamke aliyetaja jina lake mbele yenu alifanya hivyo kwa sababu aliwaamini. Orodha ile ikianguka mikononi mwa mtu mwingine, inaweza kuvunja ndoa yake, au ikamwonyesha kwa mtu anayemtafuta.

Kufuta faili hakutoshi. Hata ile "formatage" ya haraka haitoshi. Ni kama kutoa lebo kwenye mlango wa depo na kuacha mali ndani: mwenye programu ndogo ya bure anaweza kuirudisha. Diski ikiachwa kwa fundi, au ikiuzwa kama kipuri, kila kitu kinaenda nayo.

Kwa hiyo diski ya zamani isitoke mikononi mwa kikundi. Kama bado nzima, kazi yake bora ni hii: nunueni ganda dogo la plastiki lenye waya wa USB, muiweke ndani. Inakuwa diski ya akiba. Mara moja kwa mwezi mnanakili daftari humo, halafu inafungwa na funguo nyumbani kwa mama mmoja, mbali na mashini yenyewe. Katika miji yetu, ambako watu wamelazimika kukimbia usiku, nakala ya pili mahali pa pili ni lazima.

Kama mnataka kuitoa kwa mwingine, fundi aandike juu ya diski yote mpaka mwisho, kazi ya masaa mengi, na mama mmoja abaki pale. Na kama diski imekufa, ivunjwe: ifungeni katika kitambaa kizito, fundi aliyevaa miwani ya kulinda macho apige msumari upenye zile sahani za ndani. Kitambaa ni cha lazima, kwa sababu sahani za diski ndogo nyingi ni za kioo na zinarusha vipande. Diski ya SSD haina sahani. Kwake ni vile vipande vyeusi vya ndani vinavyopasuliwa kimoja kimoja. Lakini msumari huo usiguse batri hata siku moja.

Batri, waya na mbao za ndani

Batri ya mashini ya kubeba ni ya litiamu. Ikipasuliwa, ikipondwa au ikiwekwa karibu na mbabula, inaweza kulipuka kwa moto ambao maji ya kikombe hayauzimi. Iliyovimba haichajiwi tena. Zibeni meno yake kwa utepe wa kubandika, iwekeni katika kopo la chuma lenye mchanga mkavu, na kopo likae nje ya nyumba ya kulala, mbali na mvua na watoto.

Waya na mbao za umeme za ndani, hapa ndipo ninapowaomba sana. Tunaona vijana wanachoma waya ili wapate shaba ya kuuza. Plastiki ile ikiungua inatoa sumu inayoitwa dioksini, inayokaa mwilini kwa miaka. Mbao za zamani zimeunganishwa kwa risasi, ile metali laini. Vioo vya mashini za zamani vingine vina taa zenye zebaki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inapunguza akili yake ya kusoma kabla ugonjwa wowote haujaonekana. Kwa mama mwenye mimba inapita mpaka kwa mtoto, na inaweza kulala katika mifupa ya mama miaka mingi, kisha ikatoka wakati wa mimba. Katika ripoti yake ya 2021, shirika hilo lilikadiria kwamba wanawake wanaoweza kufika milioni 12.9 duniani wanafanya kazi katika taka zisizosimamiwa.

Kuna njia nyingine ambayo risasi inaingia jikoni. Sufuria zile za aluminiumu zinazomwagwa na mafundi wa mitaani zinatoka katika vyuma vya kila namna vilivyoyeyushwa pamoja. Watafiti waliochunguza sufuria za namna hiyo nchini Kameruni, na kutoa matokeo mwaka 2014, walikuta zinatoa risasi ndani ya chakula. Kati ya vyuma vilivyokuwa vinayeyushwa mlikuwa na vipande vya magari na vya ordinatere. Kipande unachomwachia mwokota chuma leo kinaweza kurudi nyumbani kwako kikiwa na maharagwe ndani.

Na tukumbuke vitu hivi vimetoka wapi. Koltani inayochimbwa Rubaya, huko Masisi, katika mkoa wetu huu, ndiyo inayotoa tantali ya vipande vidogo vinavyopanga umeme ndani ya mashini na simu. Kobalti ya batri, zaidi ya nusu ya ile ya dunia inatoka Kongo, upande wa Kolwezi. Jasho la ndugu zetu linaondoka kama mawe, linarudi kama mashini iliyotumika, na mwisho linalala kwenye bonde karibu na mto Kimemi. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za umeme. Zilizokusanywa na kushughulikiwa kwa njia inayojulikana hazikufika robo. Afrika hazikufika asilimia 1.

Kwetu tufanye nini?

Nairobi kuna kituo kinachoitwa WEEE Centre, kinachopokea mashini zilizokufa na kuzivunja kwa utaratibu. Lakini msifikiri kupakia taka kwenye lori la Kasindi na kuzivusha. Taka za namna hii zinavuka mipaka kwa ruhusa ya serikali za pande zote, kufuatana na Mapatano ya Basel, na tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria hiyo inagusa taka zote za umeme, hata zile zisizohesabiwa kuwa za hatari.

Basi kazi yetu ya sasa ni kutunza kwa ukavu na kwa hesabu. Kila kikundi kiwe na sanduku moja lenye kifuniko, liandikwe USIFUNGUE, likae mahali pakavu ambapo watoto hawafiki. Humo ziingie mbao za umeme, waya na chaja zilizokufa. Batri zina kopo lake, hazichanganywi. Bareti nzima zifungwe moja moja katika karatasi kavu, ziandikwe giga zake na aina yake. Bareti ya giga 4 iliyotoka kwenye mashini ya kikundi kimoja Bulengera inaweza kuamsha mashini ya kikundi kingine Mulekera. Ninawaomba wamama viongozi wa ushirika wetu: tukikusanyika, kila katibu alete orodha ya bareti alizo nazo, tubadilishane.

Bareti iliyokufa kabisa, kama haikuvunjika, mfungieni mwalimu katika sasheti ya plastiki. Katika darasa la 7 na la 8 tunafundisha TIC, na watoto wengi wanaijua ordinatere kwa mchoro wa chaki tu. Wakiona memwari yenyewe ndani ya sasheti, hawaisahau.

Tena tuongee na wakubwa. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu ulinzi wa mazingira inamtaka kila mwenye taka azishughulikie bila kuwadhuru wengine. Duka linalouza mashini zilizotumika linaweza kuombwa kupokea zilizokufa. Meria inaweza kuombwa mahali pamoja pa kukusanyia. Mama mmoja akiomba, wanamwambia arudi kesho. Vikundi ishirini vikiandika barua moja yenye sahihi, barua hiyo inapewa namba na inapokelewa.

Na mkimaliza kazi ya kushika vipande, naweni mikono kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au chakula. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018, tulijizoeza kunawa mlangoni. Zoezi lile linafaa hapa pia.

Maneno ya kuandika katika PV

Mama Katibu, Jumamosi leta mbele ya kikundi karatasi yenye mistari minne, na vikundi vingine vinaweza kuinakili:

1. Mashini imepimwa tarehe fulani. Memwari ilifika asilimia ngapi, diski asilimia ngapi, nafasi tupu ipo au haipo.

2. Bei ya bareti na ya SSD katika maduka matatu, kando ya bei ya mashini mpya.

3. Diski ya zamani itatunzwa na nani, na nani mwingine anajua ilipo.

4. Sanduku la vipande vilivyokufa na kopo la batri vitakaa kwa nani.

Mstari wa tatu na wa nne ukikosa jina la mtu, msifungue mashini bado. Yakipatikana majina, na hesabu ikionyesha kuongeza ni nafuu kuliko kununua, pigeni kura bila woga. Na kama mashini imekataa kila dawa, nunueni ingine kwa moyo mweupe, lakini mistari hiyo miwili ya mwisho ibaki vilevile, kwa sababu mashini iliyokufa nayo ina diski na ina batri.

Juma lijalo nitaeleza namna ya kuweka neno la siri juu ya orodha ya akiba, na nani katika kikundi anapaswa kulijua. Leteni maswali yenu kwa mama mwenye kugawa gazeti hili mtaani kwenu.

Mwalimu wenu